Mwenye Mbio Aliyejua Kusimama

Tafakari ya wiki. Masomo: 2 Wafalme 9:14–20 na Luka 10:25–37



Tarehe 20 Oktoba 2013 alifariki dunia jijini London mzee wa miaka 81 aliyeitwa Joginder Singh. Kwa vijana wa kijiwe cha stendi hapa Magu jina hilo ni geni. Wao wanawajua wachezaji wa Ulaya mpaka rangi ya viatu vyao. Lakini muulize mzee aliyekuwa na redio miaka ya sitini na sabini. Atakuambia huyo alikuwa Simba wa Kenya, mshindi wa mbio za magari za Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976.

Mbio hizo zilianza mwaka 1953 na kwa miaka mingi zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kabla hazijabaki Kenya peke yake. Barabara zilikuwa zilezile za wananchi, vumbi leo na tope kesho, na hazikufungwa: ng'ombe wamo, baiskeli zimo, malori ya pamba yamo. Zilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameshika kasi. Mwaka 1968, kati ya magari mengi yaliyoondoka, yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Nadhani wahubiri wengi wa enzi hizo walihubiria mabenchi Jumatatu ya Pasaka kwa sababu ya mbio hizo, na sina moyo wa kuwalaumu waumini wao.

Najua mmenizoea nikisema juu ya pikipiki, na huyu alikuwa mtu wa magari. Nivumilieni, pikipiki inakuja.

Joginder alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932, mtoto wa fundi aliyehamia kutoka Punjab. Gereji ndiyo iliyomlea. Kabla watu hawajamjua kwa usukani walimjua kwa spana, na alipoanza kushindana hakuacha kuwa fundi. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari na Volvo iliyokwisha tumika, gari ambalo timu ya kiwanda ililiacha baada ya kushindwa mwaka uliotangulia. Watu wenye magari mapya walikuwapo. Wazungu waliotumwa na viwanda vikubwa walikuwapo. Akawashinda wote na gari la mkono wa pili, kwa sababu alilijua kwa ndani.

Hapa nataka mafundi wa pikipiki mnisikilize, maana hili ni la kwenu. Gari la mbio kama zile halitengenezwi kwa kuongezewa nguvu peke yake. Unalifungia bamba la chuma chini ya injini ili jiwe lisipasue kalta. Unakagua springi moja moja, bolti moja moja, mabomba ya breki yanakopita, nyaya zinakogusana. Halafu karabureta: gari likitoka pwani likapanda nyanda za juu, hewa inapungua, na mchanganyiko wa petroli na hewa uliokuwa sawa kule chini utatoa moshi mweusi kule juu na kuua nguvu. Sisi wenyewe tuko juu. Maji ya ziwa letu yako mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Fundi wa Dar es Salaam akikuletea pikipiki aliyoiseti kule, fundi wa hapa anaishika tena. Kazi yote hii hufanyika usiku, gerejini, bila mtu wa kupiga makofi. Mpiga picha anakuja asubuhi, gari linapoondoka.

Joginder aliingia Safari mara 22 akamaliza mara 19. Hizi 19 ndizo zinazonishangaza kuliko zile tatu alizoshinda. Palikuwa na madereva wenye kasi kumzidi katika kipande hiki au kile cha njia. Mwaka 1974 alikuwa na Colt Lancer ndogo ya cc 1,600 ya Mitsubishi, na nyuma yake akaja Björn Waldegård wa Uswidi na Porsche. Mhubiri, katika sura ya tisa mstari wa 11, anasema alitazama chini ya jua akaona kwamba mwenye mbio si lazima awe ndiye mshindi. Ningependa kujua Mhubiri angesema nini kama angesimama kando ya barabara Pasaka ile.

Siri yake, wanasema wanaoijua kazi, ni kwamba alimhurumia mnyama aliyempanda. Alijua injini inapolalamika, akapunguza. Alijua shimo lipi unaliruka na lipi unalishuka taratibu. Dereva asiyejua ufundi anaona mshale wa mzunguko unapanda, anafurahi. Fundi anasikia ringi zinavyosuguka. Ndiyo maana hapa mjini utamkuta fundi mmoja anaweka ncha ya bisibisi kwenye bloku na mpini wake sikioni, amefumba macho, huku mwenye pikipiki ameshika kiuno anauliza, "Tayari?" Haijawa tayari. Kwanza aisikilize.

Lakini sikuanza kuandika barua hii kwa ajili ya ushindi. Nilianza kwa sababu ya kazi aliyoifanya Joginder mwaka 1958, kabla hajawa maarufu. Chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kilitaka mtu wa kuzunguka barabarani na kuwasaidia waliokwama: aliyepasukiwa tairi, aliyechemsha rejeta, aliyekatikiwa feni belti porini jua likizama. Mtu wa kwanza kupewa kazi hiyo alikuwa yeye. Yaani yule ambaye baadaye Afrika Mashariki nzima ilimshangilia kwa kupita bila kusimama, alianza kwa kulipwa mshahara ili asimame.

Fungua sasa Luka 10. Tumezoea kuwasema vibaya kuhani na Mlawi, kama kwamba walikuwa watu wabaya. Luka hasemi hivyo. Mimi nawadhania walikuwa na ratiba. Palikuwa na mahali pa kufika, na jua linakwenda. Msamaria naye alikuwa safarini, si kwamba hakuwa na kazi. Akasimama, akafunga majeraha, akamweka mtu yule juu ya mnyama wake mwenyewe. Fikiri maana yake: mnyama ni mmoja, aliyelala amewekwa juu, basi mwenye mnyama ametembea kwa miguu. Siku ile hakupeleka hesabu kwa mtu. Alifika nyumba ya wageni akatoa dinari mbili, ujira wa siku mbili za kibarua, na akaahidi kuongeza akirudi.

Ninyi waendesha bodaboda mnaielewa habari hii kuliko mimi niliyesomea chuoni. Mnajua maana ya kubeba mtu anayevuja damu kutoka Ng'haya au Kabila hadi hospitali ya wilaya, na jinsi nguo na siti vinavyochafuka, na jinsi ndugu wa mgonjwa wanavyosahau nauli, na jinsi jioni bosi anavyokuwa hana habari na hayo yote. Mnajua hofu ya kumbeba aliyegongwa, kwamba akifia njiani watu watasema wewe ndiye uliyemgonga. Wapo miongoni mwenu waliobeba na kunyamaza. Mungu amewaona. Na wapo waliozunguka wakapita upande wa pili, kama yule Mlawi.

Nikisema hivi juu ya Joginder najua swali linalokuja, kwa kuwa liliwahi kuja kanisani nilipomtaja. Mchungaji, huyu alikuwa Singasinga, mwenye kilemba, hakuwa mtu wa Kristo, unamfundishaje kanisani? Nami nauliza: yule Msamaria alikuwa mtu wa sinagogi gani? Bwana Yesu alipotaka kumwonyesha mwanasheria jirani ni nani, hakumchukua mtu wa nyumbani. Alimchukua yule ambaye wasikilizaji wake wasingemkaribisha mezani.

Na kwa habari ya meza, wengine wenu mmesafiri kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Pale Makindu kuna hekalu la Wasikh lililojengwa mwaka 1926, enzi za mafundi wa reli. Mpaka leo msafiri yeyote akiingia pale anapewa chakula, na akihitaji anapewa mahali pa kulala, bila kulipa na bila kuulizwa dini. Dereva wa lori anakula pamoja na tajiri, wamekaa sawa. Tuna makanisa mangapi kati ya Kisesa na Lamadi ambayo dereva aliyeharibikiwa usiku anaweza kubisha hodi akafunguliwa? Swali hilo nimelielekeza kwanza kwangu na kwa wazee wa kanisa.

Sasa pikipiki.

Kule Ireland ya Kaskazini, katika mji mdogo wa Ballymoney, aliishi mtu aliyeitwa Joey Dunlop. Alizaliwa mwaka 1952, akawa na baa yake, mtu mkimya, mwenye nywele ndefu na mikono ya grisi. Kampuni ya Honda ilimpa pikipiki za kiwanda na mafundi wa kiwanda, lakini yeye alipenda kuzifungua na kuzifunga mwenyewe usiku kabla ya mashindano. Alishinda mara 26 katika mbio za TT za Kisiwa cha Man, ambako mzunguko mmoja wa barabara ya kawaida, kati ya kuta za mawe na nyumba za watu, una kilomita 60 na kidogo.

Kilomita 60 ni kama kutoka mjini Mwanza hadi hapa kwetu. Mwaka 2000, akiwa na miaka 48, Dunlop aliumaliza mzunguko ule kwa dakika 18 na sekunde kidogo. Hebu pima. Toka Mwanza, pita Igoma, Kisesa, Nyanguge, vuka daraja la Mto Simiyu, ingia Magu, dakika 18. Nilipowaambia vijana wa kijiweni hesabu hiyo walipiga miluzi, na mmoja akatazama Boxer yake kwa namna ambayo sikuipenda.

Kwa hiyo nikawaambia yaliyosalia, nanyi nawaambia. Katika ule mzunguko wa Kisiwa cha Man wamekufa watu zaidi ya 250 tangu mwaka 1911. Dunlop mwenyewe hakufia huko. Alikufa wiki chache baada ya ushindi wake wa mwisho, tarehe 2 Julai 2000, katika mashindano madogo mjini Tallinn, nchini Estonia. Mvua ilikuwa imenyesha. Pikipiki ilikuwa ya cc 125, ndogo kuliko Boxer 150 unayoiendesha kwenda sokoni. Iliteleza, akagonga miti. Mdogo wake Robert, naye mwanamashindano, alikufa katika mazoezi ya mbio mwaka 2008. Mwaka 2018 akafuata William, mtoto wa Robert. Sijui mama wa nyumba ile alibebaje mambo hayo. Nimezika vijana wa pikipiki hapa Magu na nimewaona mama zao, basi nina fununu.

Siwezi kusimama nikasema mbio zile ni kitu chema. Wengine wanaziita ushujaa. Mimi kama mchungaji naona maisha ya watu yamewekwa rehani kwa sekunde. Hata hivyo nchi ile ilipomzika Dunlop, katika kanisa dogo la Presbiteri la Garryduff, walikuja watu wapatao 50,000, na si wote walikuwa wapenzi wa pikipiki. Kulikuwa na sababu nyingine.

Miaka ya tisini, baada ya serikali za kikomunisti kuanguka Ulaya ya Mashariki, habari za nyumba za yatima za Romania zilienea: watoto wengi, chakula kidogo, baridi kali. Dunlop alipakia vyakula na nguo katika gari lake la mizigo, lile alilobebea pikipiki zake, akaendesha mwenyewe kuvuka bara zima hadi Romania. Akarudia. Akaenda Albania na Bosnia pia. Hakuita waandishi wa habari. Mara nyingi alikwenda peke yake, akalala ndani ya gari. Mwaka 1986 Malkia wa Uingereza alikuwa amempa nishani kwa ajili ya mbio. Mwaka 1996 akampa nyingine ya juu zaidi, na hiyo ilikuwa kwa ajili ya yatima.

Mnaona ninakoelekea. Watu wawili, mmoja wa Kericho na mmoja wa Ballymoney, mmoja Msikh na mwingine amezikwa kwenye uwanja wa kanisa. Wote wawili mafundi, wote wawili wenye kasi ambayo mimi na wewe hatutaifikia. Na kila mmoja, ukimchunguza, mikono ileile iliyotengeneza injini ya ushindi ilitumika kwa mtu aliyekwama, au kwa mtoto asiye na mtu.

Kuna wa tatu, nitamtaja haraka. Burt Munro wa Nyuzilandi, aliyefariki mwaka 1978, alikuwa na pikipiki aina ya Indian ya mwaka 1920. Aliishughulikia maisha yake yote katika banda lake, akimimina pistoni mwenyewe kwenye makopo ya zamani, mpaka mwaka 1967, akiwa mzee wa miaka 68, akaiendesha zaidi ya kilomita 290 kwa saa kwenye jangwa la chumvi la Bonneville, Marekani. Chombo chenyewe kilipotoka kiwandani kilikuwa hakifiki 100. Bandani kwake alikuwa na rafu aliyopanga pistoni zilizopasuka, konrodi zilizokatika, valvu zilizoungua. Juu ya rafu aliandika kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa spidi.

Alikuwa akitania, na utani wenyewe ni mzuri. Ila mungu huyo yuko na anakula. Munro alimpa vyuma. Sisi tunampa miguu. Nenda hospitali ya Bugando, tembea wodi za mifupa, utaona rafu yetu: vijana wa miaka 19, 22, 25, vyuma vimepita kwenye paja, mama amekaa pembeni na chupa ya uji. Wengine ni wetu. Walikuwa wanafanya ligi usiku baada ya mnada, au wamepakia mshikaki wa abiria watatu, au wamekata sailensa ili walie kama Dunlop, bila breki za Dunlop, bila kofia ya Dunlop, bila saa alizokaa amechuchumaa kuikagua pikipiki kabla ya kuipanda.

Mlinzi wa mnara wa Yezreeli, katika 2 Wafalme 9, aliona vumbi likija mbali, akamtambua anayekuja kabla hajaona uso wake. Alimjua kwa uendeshaji: huyu ni Yehu, maana anaendesha kama mwenye wazimu. Kila kijiwe kina Yehu wake, na abiria wanamjua, na wakina mama wanamkwepa. Tofauti ni kwamba Yehu wa Biblia alikuwa na agizo la nabii, na safari yake iliishia kwa damu nyingi. Wako ana agizo la nani?

Nimejibiwa swali hilo, na jibu likanitia aibu. Kijana mmoja, muungwana, mwimbaji wa kwaya, aliniambia: "Mchungaji, agizo ni la bosi. Hesabu ni elfu nane kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Nikifika saa kumi jioni nina elfu tano, unadhani nitaendeshaje?" Bosi wake namfahamu. Ni mtu wa kanisa. Sitamtaja, na wala si yeye peke yake. Katika mabenchi yetu wapo wenye pikipiki mbili, tatu, tano za mkataba, wanaotoa sadaka nzuri Jumapili, na ambao hawajawahi kujiuliza sadaka hiyo ilikimbizwa kilomita ngapi kwa saa. Tunamhubiria dereva juu ya mwendo kasi na kumwacha aliyempimia mwendo. Hiyo ni hukumu nusu, na Mungu wa Amosi hapendi mizani ya namna hiyo.

Na mafundi. Katika Kutoka 31 Mungu anasema amemjaza Bezaleli Roho wake. Kwa ajili ya nini? Siyo kuhubiri, ni kuchonga mawe, kufua dhahabu na fedha, kuchonga mbao. Mtu wa kwanza katika Biblia anayetajwa kujazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ni fundi. Basi usiniambie gereji ni mahali pa kihuni. Lakini fundi anayefunga spea feki na kutoza bei ya orijino, fundi anayebadilisha karabureta nzima ya mteja kwa mbovu yake wakati mwenyewe amekwenda kunywa chai, huyo anaiba uhai, kwa sababu siku breki itakapogoma kwenye mteremko yeye atakuwa amelala nyumbani kwake. Wapo pia walio waaminifu, nawajua, na mmoja alimkatalia kijana kumkatia sailensa akamwambia akatafute fundi mwingine. Alipoteza elfu tano. Namheshimu.

Kwa kuwa tafakari isiyoshika kitu mkononi huishia kwenye pumzi, nina mambo ya kuwaomba.

Waendesha bodaboda: andikeni namba 115 katika simu zenu. Ni ya bure, ya mpango wa m-mama, ulioanza kujaribiwa sehemu kama Sengerema na Shinyanga na sasa uko nchi nzima. Mjamzito au mzazi akipatwa na dharura, ukipiga namba hiyo utatafutiwa ambulensi, na ikikosekana hutumwa dereva aliyesajiliwa ambaye hulipwa kwa safari hiyo. Kuna wakati pikipiki ndiyo itakayofika kwanza, nami najua mtasimama. Lakini mama anayevuja damu asipande mshikaki kama kuna gari linaloweza kuitwa. Kusimama ni pamoja na kupiga simu.

Mafundi: Jumamosi ya mwisho wa mwezi uwanja wa kanisa utakuwa wazi kuanzia saa mbili asubuhi. Njooni na spana, tukague breki, taa, cheni na tairi za pikipiki za mji huu bure, za Wakristo na Waislamu na wasiosali popote. Idara ya wanawake itapika. Chakula kitakuwa kimoja kwa wote, na hatutaandikisha majina.

Familia zenye helmeti isiyotumika ndani, ileteni, hata ya mtu aliyekwisha kufa. Iliyopasuka msilete, kofia iliyokwisha kupokea pigo moja haifai kupokea la pili.

Na ninyi wenye pikipiki. Mvua za vuli ziko mlangoni, barabara ya vumbi ya kwenda Shishani na Nkungulu itageuka sabuni. Tuonane Jumapili hii baada ya ibada ya pili, mje na mikataba yenu, tukubaliane hesabu ya siku za mvua iwe kiasi gani. Mimi napendekeza nusu.